Nani bingwa wa msimu? Kanuni za kuendesha mashindano ya matanga

Pwani ya Afrika Mashariki inayajua vizuri mashindano ya siku moja. Lamu, nyakati za Maulidi na za tamasha la utamaduni, mashua hushindana mbele ya mji huku mabaharia wamekalia ubao uliotokezwa nje upande wa joshi, unakotoka upepo, ili chombo kisilale. Unguja, ngalawa hushindana kwenye sikukuu na matamasha. Ufukwe hujaa watu, zawadi hutolewa jioni, na kesho yake nahodha amerudi kwenye uvuvi wake. Ni mashindano yenye thamani, lakini hayatoshi kutuonyesha nani nahodha bora. Kwa siku moja upepo unaweza kumpendelea mtu, jarari, kamba ya kupandishia tanga, ikakatika, au mkondo ukambeba mmoja na kumwacha mwenzake aliye mita 50 tu kando yake.

Klabu za matanga, kama ile ya Dar es Salaam pale Msasani, ya Mombasa, na zile za Ziwa Victoria, zina utaratibu mwingine: msimu. Mbio nyingi fupi, wiki baada ya wiki, alama zikijumlishwa hadi bingwa apatikane. Utaratibu huu ungefaa sana kwa vyama vya wavuvi na vijana wa madiko yetu, wenye vyombo na ujuzi tayari. Kinachokosekana ni kanuni za kuuendesha, na hizo si ngumu.

Kitabu kikuu cha kanuni hutolewa na World Sailing, chombo cha kimataifa kilichoanzishwa Paris mwaka 1907 kwa jina jingine. Hurekebishwa kila baada ya miaka 4, na toleo la sasa ni la 2025 hadi 2028. Kinaeleza nani ampishe nani, mbio zianzeje, malalamiko yasikilizweje. Hakisemi mbio zenu zitakuwa Jumamosi ipi, maboya yatakaa wapi, wala mbio ngapi zitahesabiwa. Hayo huandikwa na klabu yenyewe katika karatasi mbili: tangazo la mashindano, linalotolewa mapema ili watu waamue kama watashiriki, na mwongozo wa mashindano, unaoeleza mambo ya siku yenyewe. Bingwa wa msimu huamuliwa na karatasi hizi mbili kuliko wengi wanavyodhani, na mara nyingi huandikwa harakaharaka, usiku mmoja kabla ya mbio za kwanza.

Tuanze na kalenda. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, Kusi takriban Mei hadi Septemba, na kati yake kuna maleleji, majira ambayo upepo haueleweki. Ukichanganya Kusi kali la Julai na utulivu wa Novemba kwenye jedwali moja la alama, unawapima watu kwa kazi mbili tofauti kisha unajumlisha. Ni bora kuwa na mifululizo miwili, wa Kaskazi na wa Kusi, kila mmoja na bingwa wake.

Maji nayo yana hesabu yake. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3 sehemu nyingi za pwani hii, na mahali palipoelea mashua asubuhi panaweza kuwa mwamba mtupu baada ya saa chache. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Zidisha kwa siku 7 unapata karibu saa 6. Kwa hiyo klabu inayoanza mbio saa 9 alasiri kila Jumamosi, ikikuta maji yamejaa wiki hii, wiki ijayo itakuta yamepwa. Baada ya siku 14 ucheleweshaji unakaribia saa 12, na maji hujaa tena kwenye saa ileile. Klabu yenye ghuba ya kina kifupi ikipanga mbio kila baada ya wiki mbili, tatizo hilo linakwisha bila kubadili saa ya kuanza. Jedwali la maji la mwaka lipo. Wapangaji wa mbio walipitie kwanza kabla ya kutangaza tarehe.

Siku yenyewe, jambo linaloleta fujo kuliko yote ni kuanza. Vyombo vya matanga haviwezi kusimama vikisubiri filimbi. Huzungukazunguka nyuma ya mstari wa kuanzia, kila nahodha akijaribu kuufikia kwa kasi kamili sekunde ileile. Mstari hupimwa kwa macho kati ya mlingoti wa chombo cha kamati ya mashindano, kilichotia nanga, na boya la upande wa pili. Urefu wake uwe angalau jumla ya urefu wa vyombo vyote pamoja na robo yake: ngalawa 8 za mita 5 zinahitaji mita 50. Uukabili upepo sawasawa, la sivyo vyombo vyote vitabanana kwenye ncha moja na kugongana.

Dakika 5 kabla ya kuanza, bendera ya kundi hupandishwa na honi hulia. Zikibaki 4, hupanda bendera ya matayarisho, ya bluu yenye mraba mweupe katikati, na kuanzia hapo kila chombo kimo mashindanoni. Ikibaki 1, bendera hiyo hushushwa kwa mlio mrefu. Kwenye sifuri hushuka bendera ya kundi, na mbio zimeanza. Muda huhesabiwa kwa bendera, si kwa honi, kwa kuwa sauti hupotea kwenye upepo. Honi ikigoma, mbio haziharibiki. Wakati huo kwenye chombo cha kamati mtu mmoja ameweka jicho sambamba na mlingoti na boya, wa pili anaita sekunde, wa tatu ana daftari na penseli, maana wino huyeyuka kwa maji ya chumvi. Omo, yaani ncha ya mbele, ya ngalawa moja ikitangulia mstari, papo hapo hupandishwa bendera nyeupe yenye msalaba wa bluu, na honi moja hulia. Aliyetangulia hurudi nyuma ya mstari na kuanza upya. Asiporudi, hata akimaliza wa kwanza ataandikiwa alama za mtu ambaye hakuanza. Wakitangulia wengi kiasi cha kutotambulikana, wote huitwa warudi na hesabu huanza tena.

Kanuni za kupishana ni chache, na nahodha wa ngalawa huzishika kwa siku moja. Anayepokea upepo kwa mkono wa kulia ana haki mbele ya anayeupokea kwa mkono wa kushoto. Wakiwa upande mmoja, aliye joshini humpisha aliye demani, yaani chini ya upepo, na wa nyuma humpisha wa mbele. Juu ya hayo yote, kila mmoja lazima aepuke kugonga pale inapowezekana, hata mwenye haki. Aliyekosa hujiadhibu mwenyewe majini kwa kuzungusha chombo mara mbili. Aliyegusa boya huzunguka mara moja. Kisha safari inaendelea.

Vyombo visivyofanana ni suala gumu zaidi. Klabu nyingi zenye boti za aina mbalimbali hutumia mfumo wa Portsmouth, uliotoka Uingereza: kila aina ya boti ina namba, ndogo kwa boti ya kasi na kubwa kwa boti ya polepole. Muda uliotumika huzidishwa kwa 1000 kisha hugawanywa kwa namba hiyo. Boti yenye namba 1100 ikimaliza kwa dakika 66, muda wake uliosahihishwa ni dakika 60. Boti yenye namba 1200 ikifika dakika 4 baadaye, yaani kwa dakika 70, muda wake ni dakika 58 na sekunde 20, nayo ndiyo imeshinda. Hesabu ni sahihi, ila inadhani kwamba boti za aina moja zimetoka kwenye kalibu moja. Ngalawa huchongwa kwa mkono kutoka gogo lililopatikana, na tanga hushonwa kwa kitambaa kilichopo. Hakuna mbili zinazolingana. Kwa madiko yetu ningependekeza kugawa makundi kwa urefu wa chombo, na vyombo vya kundi moja vikitofautiana bado sana kwa kasi, vya polepole vitangulie kuanza kwa dakika zilizokubaliwa. Hapo anayefika wa kwanza ndiye mshindi, na aliye ufukweni humwona bila kusubiri kikokotoo. Dakika hizo zirekebishwe kati ya mfululizo na mfululizo, kamwe si katikati.

Sasa alama, ambako ubingwa hupatikana au hupotea. Mfumo wa kawaida hutoa alama 1 kwa wa kwanza, 2 kwa wa pili, na kuendelea. Mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Asiyefika, asiyemaliza au aliyeondolewa hupewa idadi ya walioandikishwa pamoja na 1. Kisha kila chombo huruhusiwa kutupa tokeo lake baya kuliko yote. Kitabu cha kimataifa husema tokeo 1 litupwe, isipokuwa klabu imeandika vinginevyo, na hilo “vinginevyo” lina uzito mkubwa sana.

Chukua mfululizo wa mbio 6 wenye vyombo 8. Nahodha wa kwanza ana kipaji kikubwa, lakini ni mvuvi na mara mbili samaki walimzuia kuja. Alama zake ni 1, 1, 9, 1, 4, 9. Wa pili hakukosa hata mara moja: 2, 3, 2, 2, 3, 2. Likitupwa tokeo 1, wa kwanza anabaki na 16 na wa pili na 11. Bingwa ni wa pili, tena kwa mbali. Yakitupwa 2, wa kwanza ana 7 na wa pili 8; kombe limehama. Wala hakuna aliyekosea majini wala aliyeiba kwenye hesabu. Ni mstari mmoja tu wa tangazo uliobadilika. Klabu ikiandika mstari huo baada ya matokeo kuanza kuonekana, hata kwa nia njema, hakuna atakayeamini kwamba haukuandikwa kwa ajili ya mtu fulani.

Kwa maoni yangu, kwa watu wanaoishi kwa bahari matokeo ya kutupwa yafikie theluthi moja ya mbio zote. Riziki huja kwanza, na msimu usiolielewa hilo utabaki wa wenye mishahara peke yao. Lakini yasizidi hapo, maana yakizidi unamzawadia anayechagua siku za upepo anaoupenda.

Zamu ya usimamizi nayo ina uhusiano na alama. Klabu ndogo haina wasimamizi wa kudumu, hivyo kila nahodha hukaa siku moja kwenye chombo cha kamati. Akipewa alama za asiyefika siku hiyo, atakuwa ameadhibiwa kwa kuwatumikia wenzake, na zamu ijayo atapata udhuru. Apewe wastani wa alama zake za mbio nyingine, mara moja kwa kila mfululizo, na iandikwe wazi.

Malalamiko yatakuwepo. Anayepinga lazima apaze sauti palepale majini, na chombo cha mita 6 au zaidi huonyesha bendera nyekundu. Kanuni za kimataifa zinakubali neno la kupinga litamkwe kwa lugha isiyo ya Kiingereza ilimradi wahusika wanaweza kulielewa, kwa hiyo “Napinga!” inatosha kabisa Kizimkazi kule Unguja au Shela kule Lamu. Kisha huandikwa karatasi ndani ya muda uliotajwa kwenye mwongozo. Wasikilizaji, kwa kawaida 3, wasiwe na maslahi yoyote katika jambo hilo. Pande zote mbili zikae pamoja, kila upande usikie kila ushahidi na uweze kuuliza maswali. Hapa wazee wa diko ni hazina, kwani wamezoea kusuluhisha ugomvi wa nyavu na mitego. Jambo moja tu wazingatie: katika mashindano hatutafuti suluhu ya kati kwa kati. Kwanza waandike kilichotokea, halafu kanuni iliyovunjwa, ndipo watoe uamuzi.

Kuhusu usalama sina cha kujadiliana. Kila anayetoka atie sahihi, kila anayerudi atie sahihi, na chombo cha uokoaji kisitoke majini hadi majina yote yalingane. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila baharia, awe anajua kuogelea au hajui. Kanuni husema uamuzi wa kushindana ni wa nahodha mwenyewe, lakini hilo haliiondolei kamati wajibu wa kusitisha mbio Kusi likizidi. Na kila chombo lazima kimsaidie yeyote aliye hatarini, awe mshindani au mvuvi aliyepinduka akipita njia yake. Aliyeacha mbio ili kuokoa anaweza kulipwa kwa kupewa alama za wastani, na msimamizi amweleze haki hiyo siku hiyohiyo, kwa sababu wengi hawajui kwamba wanaweza kuiomba.

Matokeo yabandikwe jioni hiyohiyo, yakiwa na majina ya waliotangulia mstari na waliokosa kumaliza. Mwisho wa mfululizo, wawili wakilingana alama, matokeo yao yaliyohesabiwa hupangwa kuanzia bora hadi baya, na mwenye tokeo bora pale yanapotofautiana mara ya kwanza ndiye mshindi, yaliyotupwa hayaingii. Wakilingana hata hapo, huangaliwa mbio za mwisho, halafu zilizotangulia hizo, na safari hii yaliyotupwa nayo yanahesabiwa. Karatasi za kila siku za penseli zitunzwe na katibu hadi muda wa kupinga jedwali la jumla upite, na nahodha yeyote akiomba kuziona, aonyeshwe.