Akiba ya uzeeni: Je, farasi hulipa kuliko mfuko wa pensheni?

Mwaka 1954 Nairobi ilipata taasisi mbili ambazo baadhi ya wafanyabiashara hawazitofautishi hadi leo. Moja ni soko la hisa, lililosajiliwa mwaka huo kama chama cha madalali wa hisa. Nyingine ni uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. "Kote ni bahati nasibu," alisema muuza vipuri mmoja wa barabara ya Kirinyaga alipomweleza mwandishi wa ukurasa huu kwa nini anafikiria kuacha kuchangia pensheni. Ana umri wa miaka 40 na hutenga shilingi 1,000 kila mwezi. Kwa hesabu zake, farasi mmoja mzuri kwa mwezi atamfikisha mbali kuliko mameneja wa mfuko, ambao humletea taarifa mara moja kwa mwaka.

Malalamiko yake yana msingi. Tuseme mfuko unalipa asilimia 8 kwa mwaka na bei za bidhaa zinapanda kwa asilimia 6. Shilingi 1,000 zinazowekwa leo zitafikia takriban 6,850 baada ya miaka 25, lakini zitanunua vitu vya shilingi 1,600 tu kwa bei za leo. Hesabu hiyo haipatikani kwa urahisi katika vijitabu vya mauzo. Aidha, fedha za pensheni hazichukuliwi wakati wowote mtu anapotaka, na kila msomaji wa magazeti ya Kenya amesoma kuhusu kaunti na vyuo vikuu vya umma vilivyokata michango ya wafanyakazi bila kuiwasilisha kwenye mifuko. Si ajabu mtu akatamani mahali ambapo matokeo hujulikana kwa dakika mbili.

Hata hivyo, kabla ya kuhamisha mtaji, mfanyabiashara huuliza kwanza nani anachukua kamisheni na ni kiasi gani.

Katika mbio za farasi, mtindo unaotumika sehemu nyingi za dunia ni wa fungu la pamoja, uliobuniwa na Joseph Oller mjini Paris miaka ya 1860, yule yule aliyekuja kuanzisha ukumbi wa Moulin Rouge mwaka 1889. Madau yote hukusanywa, mwendeshaji hukata sehemu yake, kisha kinachobaki hugawiwa walioshinda. Hong Kong, mojawapo ya masoko makubwa ya mbio za farasi duniani, hukata asilimia 17.5 katika dau la mshindi. Marekani makato ya dau hilo huwa kati ya asilimia 15 na 20 hivi, na madau ya kubashiri farasi kadhaa kwa mpigo hukatwa zaidi.

Chukua fungu la shilingi 100,000 kwa kiwango cha Hong Kong. Kabla farasi hawajatoka langoni, 17,500 zimekwenda. Zimebaki 82,500. Farasi aliyewekewa 25,000 akishinda, kila shilingi hulipwa shilingi 3 na senti 30, na aliyeshika tiketi hiyo huondoka akiimba. Lakini jaribu kufanya kama mwekezaji mwangalifu. Nunua farasi wote, kila mmoja kwa uwiano wa fedha alizowekewa, ndiyo kusema umenunua uwanja mzima kwa 100,000. Ashinde yeyote yule, utalipwa 82,500. Hasara yako haina hata shaka.

Hapo ndipo muuza vipuri alipokosea. Mtu akinunua kampuni zote za soko la hisa, ananunua mauzo ya maziwa, mikopo ya benki, saruji na simu. Faida inayopatikana huko humjia kama gawio. Kuna miaka mibaya, tena ipo mingi, lakini kuna kitu kinachozalishwa. Farasi akishinda hazalishi chochote kwa ajili ya fungu. Fedha ni zile zile za waliopanga foleni dirishani, zikiwa zimepunguzwa. Mwenye kuchukua madau kwa bei aliyoipanga mwenyewe naye hufanya vivyo hivyo: faida yake imo ndani ya bei.

Tena makato hujirudia. Aliyeanza na 1,000, akapata matokeo ya wastani na kurudisha zote uwanjani mwezi baada ya mwezi, atabaki na shilingi 99 hivi mwaka ukiisha. Kodi za kamari, ambazo Kenya imekuwa ikizibadilisha mara kwa mara, hazimo katika hesabu hiyo.

Wapo wanaosema ujuzi hushinda makato, nao wana mfano. Mmarekani Bill Benter, aliyefukuzwa kwenye kasino za Las Vegas kwa kuhesabu karata, alikwenda Hong Kong katikati ya miaka ya 1980 pamoja na Alan Woods wa Australia. Kwa kompyuta na takwimu za mbio zilizopita walijenga utaratibu uliowatajirisha, na mwaka 1994 Benter alichapisha maelezo ya mbinu hizo. Wanaoisimulia habari hii hupenda kuruka mwanzo wake, ambapo walipoteza sehemu kubwa ya mtaji wao. Kilichofuata kilikuwa kampuni yenye wafanyakazi, mitambo na fedha za kustahimili hasara. Haikuwa akiba ya mtu ya uzeeni.

Mteja wa kawaida hana vitu hivyo, na mara nyingi huchagua vibaya. Tangu utafiti wa mwanasaikolojia Richard Griffith mwaka 1949 imejulikana kwamba watu huweka fedha nyingi mno kwa farasi wasiotazamiwa na chache mno kwa wale wanaopewa nafasi kubwa. Anayetaka kufidia miaka 10 ya kutoweka akiba huwatafuta hasa hao wa malipo makubwa.

Kwa aliyeajiriwa hakuna mjadala. Chini ya sheria ya NSSF ya 2013 mwajiri huongeza asilimia 6 juu ya asilimia 6 ya mfanyakazi, hadi kikomo kilichowekwa. Aliyejiajiri kama rafiki yetu hana wa kumwongezea. Anachoweza kupata ni nafuu ya kodi ya mapato kwa michango isiyozidi shilingi 30,000 kwa mwezi: kwa anayetozwa asilimia 30, kila 1,000 humwokolea 300. Alipoelezwa hivyo alinyamaza, akauliza kama nafuu hiyo hutolewa kwa mwaka uliopita.

Jumapili iliyofuata alikwenda Ngong na shilingi 500, akarudi na nauli. Kuhusu pensheni alisema bado anafikiri. Mchango wa mwezi ule alikuwa amekwisha kuuagizia breki za matatu.