Sumukuvu: Kwa Nini Damu Hupimwa Wakati Mahindi Yamekwisha Kuliwa

Mwaka 2016 ugonjwa wa ini uliotokana na sumukuvu uliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, inayopakana na Singida. Kati yao 20 walifariki dunia. Katika milipuko ya namna hii wachunguzi hukutana na kikwazo kilekile: mgonjwa hufika kituoni akiwa na macho ya manjano na tumbo lililojaa, ilhali mahindi yaliyomdhuru yamekwisha kuliwa. Hata yaliyosalia ghalani huweza kupotosha, kwani kuvu haienei sawasawa. Gunzi moja huwa na sumu nyingi na la pili likawa salama.

Ndiyo maana wataalamu huomba damu, jambo ambalo baadhi ya familia hulitilia shaka. Sumu ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali inayojishikiza kwenye albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu. Hujishikiza mahali mahususi, kwenye asidi amino iitwayo laisini. Kwa kuwa kiasi cha albumini iliyokwisha kutengenezwa hupungua kwa nusu katika takriban wiki tatu, alama hiyo huendelea kuonekana muda mrefu baada ya mlo wenyewe kusahaulika.

Hadubini haiwezi kuiona. Maabara hutumia spektrometa ya masi, ambayo kwa lugha nyepesi ni mizani ya molekuli. Albumini huvunjwavunjwa kwa vimeng'enya mpaka laisini zitengane. Kisha molekuli hupewa chaji ya umeme na kupambanuliwa kwa uzito. Laisini ya kawaida ina uzito wa 146, na iliyobeba sumu hufikia 456.

Mwaka 2004 nchini Kenya, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wagonjwa 40 walilinganishwa na watu 80 wenye afya. Kiwango cha alama hizo katika damu ya wagonjwa kilikuwa kikubwa kuliko cha wenzao.

Kipimo hiki hakitibu. Huonesha ni kaya zipi zimeathirika na ghala lipi lifungwe. Kwa mkulima wa Iramba, Mkalama au Manyoni, kinga huanza kwenye turubai: mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo.