Chanjo ya mbwa ni nafuu kuliko tiba ya mtu aliyeumwa

Wakazi wengi wa mijini hufuga mbwa wa kulinda boma. Hununua mnyororo kwanza, chanjo ikasahaulika. Kusahau huko kwaweza kuua mtoto.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kupitia jeraha na kufuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mtoto wa mbwa akitimiza miezi mitatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo adungwe sindano, kisha arudiwe kila mwaka. Hifadhi cheti. Sindano hiyo moja ni nafuu kuliko zile kadhaa anazodungwa mtu aliyeumwa, mbali na nauli na siku za kazi zinazopotea.

Malezi pia ni kinga. Mbwa anayefungwa mchana kutwa huwa mkali. Mfunze angali mdogo kuitika jina, kuketi na kuacha anapokatazwa, na umpe kipande cha chakula anapotii. Kipigo humtia woga, na mbwa mwoga huuma. Watoto nao waonywe wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha.

Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili wala mafuta. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako. Ukingoja dalili, umechelewa.