Godoro la Mgonjwa wa Parkinson: Ulaini Pekee Hautoshi

Mtu mwenye afya hugeuka mara nyingi usiku asijue kwamba amegeuka. Bega likielemewa, mwili hujipindua wenyewe; mguu ukifa ganzi, hunyooshwa; na asubuhi mwenyewe huamka akisema kwamba alilala fofofo. Kwa mtu aliyepatwa na ugonjwa wa Parkinson mambo ni tofauti. Kugeuka kitandani kwake ni kazi inayotaka kupangwa na kujaribiwa, na aghalabu hushindikana. Hapo hubakiwa na njia mbili: ama alale ubavu ule ule hadi alfajiri huku nyonga ikimuuma, ama amwamshe mwenziwe au mtoto wake aje kumgeuza.

Jamaa wenye huruma, wakiona taabu hiyo, mara nyingi humnunulia mgonjwa godoro laini kupita yote yaliyomo dukani. Nia yao ni njema, lakini huenda zawadi hiyo ikamzidishia taabu. Sababu zake si za utabibu peke yake; nyingi ni za fizikia ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari: kani, kanieneo, msuguano na kitovu cha uzito.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu huitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London, ambaye mwaka 1817 alichapisha maelezo ya wagonjwa sita waliokuwa wakitetemeka viungo, wakiinama mbele na kutembea kwa hatua fupi za haraka. Wataalamu waliomfuata waliongeza dalili nyingine zilizo muhimu sana kwa habari hii: misuli kukakamaa, na mwili kuwa mzito wa kuanza na kuendeleza mwendo.

Chanzo cha dalili hizo kimo katika ubongo wa kati, kwenye eneo dogo lenye rangi nyeusi. Chembe za neva za eneo hilo hutengeneza dopamini, kemikali inayopeleka habari za kuongoza mwendo. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa polepole, na dalili zinapoonekana sehemu kubwa yake huwa zimekwisha kupotea. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyowafanya wasiweze kujongea, kisha akawarudishia mwendo kwa levodopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias, aliyefanya kazi katika jimbo la New York, alionyesha kwamba levodopa ikitolewa kwa kipimo kinachoongezwa polepole huwasaidia wagonjwa kwa kiasi kikubwa. Hadi leo dawa hiyo ni nguzo ya matibabu, ingawa haiponyeshi ugonjwa.

Ugonjwa huu haukosekani Afrika Mashariki. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 miongoni mwa watu 161,071. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga yeyote jina la maradhi yao. Yamkini katika kijiji kimoja au kingine yupo mzee ambaye jirani zake hudhani kwamba ni uzee tu unaomtetemesha.

Kwa nini usiku huwa mgumu

Nguvu ya levodopa hudumu kwa saa chache. Mgonjwa anayemeza kidonge cha mwisho jioni huweza kufika usiku wa manane dawa ikiwa imekwisha nguvu, na wakati huo ndipo mwili unapokakamaa zaidi. Mtu mzima wa afya akigeuka huanza kwa kichwa, kisha bega, kisha kiuno, mwili ukisokotwa kama kamba. Kiwiliwili cha mgonjwa hakisokotwi kwa urahisi. Humbidi ageuke kizima kama gogo, na gogo huhitaji nguvu kubwa zaidi.

Zaidi ya hayo, wagonjwa wengi hulazimika kuamka kwenda haja ndogo mara kadhaa usiku. Wengine hutokwa na jasho jingi. Wengine huigiza ndoto zao kwa kupiga mateke na ngumi wangali usingizini, hata wakaweza kuanguka. Wako pia ambao shinikizo la damu hushuka ghafla wanaposimama, wakashikwa na kizunguzungu. Godoro na kitanda huingia katika kila mojawapo ya mambo hayo.

Maadui wawili

Ichukuliwe mfano wa mtu mwenye kilo 60. Uzito wake ni karibu nyutoni 600. Akilala juu ya ubao mtupu, sehemu chache tu humgusa ubao: kisogo, mabega, makalio na visigino. Ikiwa eneo la sehemu hizo kwa jumla ni mita za mraba 0.1, wastani wa kanieneo ni 600 ÷ 0.1, yaani paskali 6,000. Akilala juu ya godoro linalobonyea kiasi cha kumgusa kwa eneo la mita za mraba 0.4, kanieneo hushuka hadi paskali 1,500.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mwaka 1930 mtafiti Landis alipima shinikizo la damu ndani ya mishipa midogo kabisa ya ngozi ya kidole, akapata wastani wa milimita 32 za zebaki mahali damu inapoingilia. Hizo ni karibu paskali 4,300. Kipimo hicho si mpaka unaofaa watu wote na sehemu zote za mwili, lakini chaonyesha jambo lenyewe: ngozi ikigandamizwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri, na nyama hukosa chakula chake. Mtu wa afya hugeuka kabla ya madhara. Asiyeweza kugeuka hupata maumivu, na hatimaye huweza kupata vidonda vya kulalia. Basi ugumu ni adui wa kwanza.

Lakini ulaini uliokithiri ni adui wa pili. Mwili uliozama katika godoro laini umelala ndani ya shimo. Ili ageuke, mgonjwa hana budi kukipandisha kitovu cha uzito wake juu ya ukingo wa shimo hilo, kama mtu anayesukuma pipa kutoka bondeni. Tena nguvu ya kusukuma huitafuta kwa visigino na viwiko, navyo huzama. Juhudi inayopaswa kumsogeza huishia kulibonyeza godoro. Godoro lililompunguzia kanieneo limemfunga mahali pamoja.

Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si kama godoro ni laini, wala kama ni gumu. Swali ni hili: je, mgonjwa mwenyewe aweza kugeuka juu yake, na kutoka juu yake? Kwa wengi jibu hupatikana kati kwa kati: chini tabaka imara isiyobonyea ovyo, na juu yake tabaka nyembamba iliyo laini kiasi cha kuyapokea mabega na nyonga. Mgonjwa ambaye hawezi tena kujigeuza hata kidogo ana mahitaji mengine. Huyo humfaa godoro maalumu la kupunguza kanieneo, pamoja na mtu wa kumgeuza kwa saa maalumu kwa maelekezo ya wauguzi.

Aina za magodoro

Godoro la sufi au la pamba hupitisha hewa na kunyonya jasho, lakini hushika unyevu na kufanya mabonge na mashimo. Hufaa ikiwa huanikwa juani mara kwa mara, hupigwapigwa na kujazwa upya. Shimo lililochimbwa na mwili kwa miaka mingi ni mtego kwa mgonjwa.

Godoro la sponji ndilo lililoenea zaidi. Ubora wake haujulikani kwa unene tu. Godoro la futi 4 kwa 6, lenye unene wa inchi 6, lina ujazo wa mita za ujazo 0.34 hivi. Likiwa na uzito wa kilo 8.5, msongamano wake ni kilo 25 kwa kila mita ya ujazo. Kwa sponji za aina moja, ile yenye msongamano mkubwa zaidi kwa kawaida hudumu zaidi bila kudidimia. Hata hivyo msongamano si ugumu. Sponji nzito huweza kutengenezwa iwe laini, na nyepesi ikawa ngumu. Hivyo mizani peke yake haitoshi; lazima godoro lilaliwe.

Iko pia sponji inayorudi polepole, iliyobuniwa mwaka 1966 na Charles Yost katika kazi za shirika la anga la Marekani, NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Sponji hiyo hulainika kwa joto la mwili na kuufuata umbo lake. Husifiwa kwa kupunguza kanieneo, lakini mgonjwa wa Parkinson akijaribu kugeuka hukuta umbo lake la awali lingali limemzunguka. Ikitumiwa, yafaa iwe tabaka nyembamba tu.

Godoro la springi humrudishia mwili sehemu ya nguvu inayolisukuma, jambo ambalo huweza kusaidia kugeuka. Kasoro yake ni kwamba springi zikichoka, ukingo hulegea. Na ukingo ndio mahali pa kukalia kabla ya kusimama.

Kitanda kilicho chini ya godoro

Godoro jema juu ya kitanda kibovu ni kazi bure. Kitanda kilichowambwa kwa kamba za ukindu au makumbi hulegea katikati, na godoro lolote litakalotandikwa juu yake litafuata bonde hilo. Kamba na zikazwe au ziwambwe upya, au uwekwe ubao. Chaga zilizovunjika nazo zibadilishwe.

Kimo hupimwa kwa mgonjwa mwenyewe. Akikaa ukingoni, nyayo zote ziguse sakafu na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kitanda kikiwa kifupi mno hushindwa kuinuka. Kikiwa kirefu mno huning’inia miguu, na akianguka huumia zaidi. Ikibidi kukiinua, magogo ya kuwekea matendegu yatobolewe kiasi ili tendegu lisiteleze.

Shuka pia huhesabiwa, kwa kuwa msuguano hukaa kati ya nguo na nguo. Kanga au pajama ya pamba juu ya shuka ya pamba hung’ang’ania. Kipande cha satini kinachoanzia mabegani hadi katikati ya mapaja hupunguza msuguano mahali penye uzito mkubwa. Lakini kisifike ukingoni, asije mgonjwa akateleza wakati wa kukaa. Wala asivae nguo ya kuteleza juu ya shuka ya kuteleza. Blanketi moja jepesi ni bora kuliko mablanketi mawili mazito yanayomkandamiza. Kifuniko cha nailoni cha kuzuia mkojo huongeza joto, basi kitandikwe shuka juu yake. Na chandarua kisiondolewe, maana malaria haimsamehi mgonjwa. Kipangwe tu kiwe na mlango upande ule anaoshukia, kisimzonge miguu gizani.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wanaweza kuyathibitisha mengi ya haya. Dumu lenye lita 5 za maji huwekwa juu ya kibao cha sentimita 10 kwa 10, na kibao juu ya godoro. Uzito wa karibu nyutoni 50 juu ya mita ya mraba 0.01 huleta paskali 5,000. Kina cha kubonyea hupimwa kwa rula, kisha dumu huondolewa na muda wa godoro kurudi huhesabiwa kwa saa. Magodoro matatu au manne yakilinganishwa, tofauti zitaonekana dhahiri. Kwa msuguano, kipande cha mti kilichofungwa kanga huburutwa kwa mizani ya springi juu ya pamba, satini na nailoni, na nyutoni zinazosomwa huandikwa katika jedwali.

Mgonjwa naye ana jaribio lake, nalo ndilo la mwisho kabla ya kununua. Alale chali, akunje magoti, akanyage godoro, ayaangushe magoti upande mmoja na kuufuatisha mkono. Kisha ashushe miguu, ajiinue kwa kiwiko, akae ukingoni kitambo kidogo kizunguzungu kipite, na asimame. Jaribio hilo lifanywe pia wakati nguvu ya dawa imepungua, kwa sababu godoro halinunuliwi kwa ajili ya saa nne za asubuhi bali kwa ajili ya saa nane za usiku.

Godoro haliponyi Parkinson. Taabu za usiku zisizokwisha zapasa kuelezwa kwa daktari, kwa kuwa huenda vipimo au saa za dawa zikahitaji kurekebishwa naye, na si na mgonjwa mwenyewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye huweza kumfundisha mgonjwa na jamaa zake namna ya kugeuka. Lakini mtu anayeweza kujigeuza mara moja tu usiku, pasipo kumwita mtu, amepunguziwa maumivu na amebakishiwa sehemu ya uhuru wake. Nayo nyumba nzima hulala.