Chakula cha kushika kwa mtoto aliye ugenini

Mama aliyehamia Nakuru kutoka Tanzania au Uganda huja kwa daktari na swali hili: mtoto ametimiza miezi 6, anataka kujilisha kwa mkono wake, nami sivioni vyakula nilivyovizoea nyumbani. Nimpe nini? Wengine hukimbilia biskuti na vyakula vya mikebe. Hakuna haja. Chakula kiko sokoni, ila majina ndiyo yamebadilika.

Hapa magimbi huitwa nduma, boga ni malenge, parachichi ni avokado, njegere ni minji na dagaa ni omena. Ndizi za kupika na viazi vitamu pia vinapatikana.

Kabla ya kuanza, hakikisha mtoto anaweza kuketi akishikiliwa na kichwa chake kimekaa imara. Pika chakula hadi kiwe laini, kiasi kwamba ukikibonyeza kwa vidole viwili kinapondeka. Nduma iive kabisa, la sivyo itamwasha koo. Kata vipande virefu kama kidole cha mtu mzima ili apate pa kushika. Usitie chumvi wala sukari. Endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

Lakini viazi na ndizi pekee havitoshi. Kufikia miezi 6, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua, naye anaweza kupungukiwa na damu. Mpe yai lililoiva sawasawa, nyama iliyosagwa, au maini kidogo mara moja kwa wiki. Omena iponde, uichanganye na nduma, kisha ufinyange vidonge laini. Usimpe chai, kwani huzuia mwili kupata madini hayo.

Hatari kubwa ni kusakamwa. Usimpe karanga nzima, bisi, zabibu nzima, karoti mbichi, vipande vya soseji wala samaki mwenye miiba. Minji iponde kwanza. Asali pia asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa sababu inaweza kuwa na viini vya sumu.

Mtoto akila, mketishe wima na usimwache peke yake. Akisakamwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia au kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikielekea chini, umpige mgongoni mara 5 kwa kiganja. Kisha mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia hivyo huku mwenzako akitafuta gari la kwenda hospitali. Usipapase kooni kwa kidole, maana utakisukuma chakula ndani zaidi.

Jambo la mwisho ambalo mgeni huenda halijui ni maji. Visima vingi vya Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi nyingi utotoni huyaacha meno ya kudumu na madoa ya kahawia. Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi floraidi. Mpikie mtoto kwa maji safi ya mvua yaliyochemshwa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa.

Na kila mwezi mpeleke kliniki akapimwe uzito.