Dar es Salaam hadi Jeddah: Wapi Utanuia Ihramu?

Baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja anayejiandaa kwa Umra alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya msikiti, tiketi mkononi. "Katibu, mwanangu, ihramu nimeitia kwenye sanduku kubwa. Nitavaa nikishuka Jeddah, au siyo?" Nilimwomba aketi.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, ni takriban kilomita 3,160 kwa mstari ulionyooka. Viwanja vyote viwili vipo karibu na longitudo ya 39 mashariki, hivyo msafiri huelekea kaskazini moja kwa moja, wala hageuzi saa yake afikapo. Wazee wetu walingoja upepo wa kusi uwapeleke. Ndege isiyotua njiani huchukua kiasi cha saa nne na nusu.

Ndani ya muda huo mfupi umo mpaka. Mtume (s.a.w.) aliwawekea wanaokusudia Hija na Umra mahali maalumu pa kunuia, yaani mikati, na kwa anayetokea kusini ni Yalamlam. Pale ni kusini zaidi ya Jeddah kwa kilomita 130 hivi. Ndege hupita usawa wake ikiwa juu ya Bahari ya Shamu, robo saa au dakika ishirini tu kabla ya kutua, abiria wakiwa wamekwisha kufunga mikanda. Huo si wakati wa kupanga foleni ya chooni na shuka mkononi! Avae mapema, hata nyumbani kwake, kisha anuie na kuleta talbiya ndege inapoukaribia mpaka. Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, aliyeuvuka bila kunuia hurejea mikatini, la sivyo humlazimu kuchinja.

Tiketi nayo isomwe vizuri. Anayepitia Addis Ababa harefushi njia, kwa kuwa mji huo upo karibu juu ya mstari uleule. Kinachoongezeka ni saa za kungoja. Anayepitia Dubai husafiri zaidi ya kilomita 5,600, tena huingia kutokea mashariki, hivyo mpaka wake huwa Qarn al-Manazil, upande wa Taif. Anayeanzia Madina hana haraka: atanuia Dhul-Hulayfa akielekea Makka.

Mzee aliniaga akaenda kufungua sanduku. Jioni akapiga simu: shuka zimo kwenye mkoba wa mkononi, lakini mkewe anauliza kama naye anunue shuka nyeupe. Nilimjibu kwamba mama zinamtosha nguo zake za stara, ila tu asivae nikabu wala glavu akiwa katika ihramu.