Shamba la Nabothi na Vijiji vya Galilaya

Wapo wanaoamini kwamba Myahudi akikubali kuwa Wapalestina walidhulumiwa mwaka 1948, Israel ilipoundwa, atakuwa ameusaliti Uyahudi wake. Wapo pia wanaodhani kwamba, ili Wapalestina wapate haki, sharti ikanushwe kuwa Wayahudi wana uhusiano wowote na ardhi ile. Kambi hizi zinapigana usiku na mchana, ila zimesimama juu ya wazo moja: historia ya mmoja ikiwa kweli, basi ya mwenzake ni uongo. Wazo hilo halina mashiko, na ushahidi mzito dhidi yake umeandikwa na Wayahudi wenyewe.

Mwaka 1891 Asher Ginsberg, aliyejulikana zaidi kwa jina lake la uandishi, Ahad Ha'am, aliitembelea Palestina. Alikuwa Mzayuni kindakindaki, muumini wa wazo la Wayahudi kurudi katika ardhi ile. Hata hivyo aliwaonya wenzake kwamba nchi ile haikuwa tupu, kwamba mashamba yenye rutuba yalikuwa tayari yanalimwa, na kwamba baadhi ya walowezi walikuwa wakiwatendea Waarabu kwa ukatili. Mwaka 1907 Yitzhak Epstein, mwalimu aliyewahi kuishi Galilaya, aligusa kidonda chenyewe. Ardhi ilinunuliwa kihalali kutoka kwa matajiri wenye hati, wengi wao wakiishi mbali nayo, lakini waliofukuzwa ni wakulima walioilima kwa vizazi.

Dhuluma ya 1948 inaonekana vizuri ukikitazama kijiji kimoja. Iqrit kilikuwa kijiji cha Wapalestina Wakristo huko Galilaya, karibu na mpaka wa Lebanon. Jeshi la Israel lilipofika, wanakijiji hawakupigana. Novemba 1948 waliambiwa wahame kwa siku 15 tu, kwa sababu za usalama, kisha watarudi. Siku hizo zilipita, na miezi ikapita. Walikwenda mahakamani, katika mahakama ya juu kabisa ya Israel, na Julai 1951 wakashinda. Krismasi ya mwaka huohuo jeshi lilizilipua nyumba zao, likabakiza kanisa.

Mtu atasema: vita vya 1948 vililetwa na nani? Ni kweli kwamba viongozi wa Waarabu waliukataa mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuigawa nchi, na kwamba majeshi ya nchi jirani yaliingia Mei 1948. Wayahudi wapatao 6,000 walikufa katika vita hivyo, miaka mitatu tu baada ya Wanazi kuwaua Wayahudi milioni sita Ulaya. Ni kweli pia kwamba Wayahudi wa Iraq, Yemen na Misri walipoteza nyumba na mali walizorithi kwa mababu. Asiyeyataja haya hajasema ukweli wote. Lakini mkulima wa Iqrit hakuyaamuru majeshi hayo, wala hakumfukuza mtu Baghdad. Deni la serikali ya Iraq haliwezi kukatwa kwenye shamba lake.

Wengine huhofia kwamba kukiri kutaibomoa Israel. Mwaka 1988 mwanahistoria Mwisraeli Benny Morris alitoa kitabu kilichotumia nyaraka za Israel yenyewe kueleza jinsi Wapalestina wapatao 700,000 walivyopoteza makwao, wengine wakikimbia mapigano na wengine wakifukuzwa. Morris alibaki Mzayuni. Wayahudi wengine waliosoma nyaraka hizohizo waliukana Uzayuni. Ukweli haukumlazimisha yeyote kuacha kuwa Myahudi. Ulichoondoa ni kisingizio cha kutojua.

Tena kukiri si jambo geni katika dini ya Kiyahudi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa kutoa urithi wa baba zake, akauawa kwa ushahidi wa uongo. Nabii Eliya alimfuata mfalme palepale shambani, akamkemea. Taifa la Wayahudi liliiweka aibu ya mfalme wake ndani ya maandiko yake matakatifu, likaendelea kuisoma. Anayesema kwamba Myahudi wa kweli hutetea kila tendo la dola amemsahau Eliya.

Watu wa Iqrit walirudi tena mahakamani, na mwaka 2003 ombi lao likakataliwa. Serikali haikudai kwamba ahadi ya 1948 haikutolewa. Ilihofia kwamba hawa wakirudi, wakimbizi wengine nao watadai. Hofu hiyo inahusu idadi ya watu, mipaka na madaraka, na inastahili kujadiliwa kwa jina lake hilo. Kuiita utetezi wa Uyahudi ni kuutwika Uyahudi mzigo wa serikali.